Bonde Moja, Wenyewe Wengi: Nani Anamhudumia Mkulima wa Delta ya Rufiji?

Mkulima wa mpunga katika delta ya Rufiji ana serikali nyingi mno. Kijiji chake kimeandikishwa, kina mwenyekiti na ofisa mtendaji, kiko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI. Shamba lake, hata hivyo, mara nyingi liko ndani ya msitu wa hifadhi wa mikoko, na msitu huo unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, ulio chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Maji yanayolisha shamba yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, na tangu Desemba 2022 hupita kwanza kwenye bwawa la Julius Nyerere, ambako TANESCO ndiyo inayofungua na kufunga. Mbegu bora na mbolea ya ruzuku zinatoka Wizara ya Kilimo. Akitupa wavu jioni apate kitoweo, hapo tena ni Wizara ya Mifugo na Uvuvi.

Kati ya wote hao, anayeulizwa "mmemsaidiaje mkulima?" ni halmashauri. Nayo ndiyo yenye mamlaka madogo kuliko wote juu ya mambo matatu yanayoamua mavuno ya delta: ardhi, maji na majira. Mipango ipo, bajeti ya kilimo imepanda, vifaa vimenunuliwa. Lakini ukiitazama ramani ya msaada wenyewe utaona kwamba unafuata zao linalolipa ushuru, kwenye ardhi isiyo na kesi. Korosho na ufuta wa nchi kavu hupata pembejeo, maghala na minada. Mpunga wa deltani na mazao ya mlau, yanayopandwa maji ya mto yakishuka, hupata salamu.

Tuanze na kilimo chenyewe, kwa sababu mipango mingi imejikwaa hapo. Mto Rufiji hukusanya maji ya eneo la kilometa za mraba zipatazo 177,000. Zaidi ya nusu ya maji hayo huletwa na Kilombero; Luwegu na Ruaha Mkuu huchangia sehemu kubwa ya kilichobaki. Masika yakikolea, mwezi Machi na Aprili, mto hutoka kingoni na kutandaza tope bondeni. Mpunga uliopandwa kwa mvua za mwanzo hukimbizana na maji hayo: ukiwa umeshakuwa mrefu hupanda nayo, ukiwa mfupi huzama. Maji yakianza kushuka, Mei na Juni, watu huyafuata kingoni na kupanda mahindi, kunde na mboga kwenye unyevu ulioachwa. Huo ndio mlau. Haudai mvua wala mbolea. Unadai mambo mawili tu: mto uwe umetoka, na mbegu iwe mkononi siku udongo unapokuwa tayari, maana unyevu haungoji.

Hesabu ya bonde, basi, si ya mwaka mzuri na mwaka mbaya. Mwaka ambao mafuriko yameua mpunga huweza kuwa mwaka wa mlau mnono, na mwaka ambao mto haukutoka, mlau hakuna na maziwa ya pembeni kama Zumbi, Ruwe na Uba hayapati maji mapya wala samaki wapya. Watafiti Stéphanie Duvail na Olivier Hamerlynck, waliofuatilia kupanda na kushuka kwa maji pamoja na wanavijiji, walichapisha mwaka 2007 makala iliyouliza iwapo mafuriko ya Rufiji ni balaa au baraka. Ushahidi wao ulielemea kwenye baraka.

Wakati wa mpunga familia huhamia shambani, kwenye dungu. Ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, sakafu ya fito, paa la makuti au nyasi, na ngazi ya kupandia. Kutoka juu ya dungu mtu hufukuza ndege mchana na nguruwe usiku, husikiliza kiboko yuko upande gani, na maji yakija hulala pakavu. Sasa mfikirie ofisa ugani anayeitisha mkutano kijijini mwezi Februari. Atawakuta wazee, wagonjwa na wenye maduka. Wale anaowatafuta wako madunguni, wengine saa kadhaa kwa mtumbwi, na safari yenyewe inangoja bamvua au maji kujaa.

Aprili 2022, Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa pikipiki zaidi ya 6,000 kwa maofisa ugani wa nchi nzima, pamoja na vipima udongo. Lilikuwa jambo jema, na kwa ofisa wa Bungu au Mjawa, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi, pikipiki ni nusu ya kazi. Kwa mwenzake anayetakiwa kufika Mbuchi, Maparoni, Msala au Kiongoroni, pikipiki inamfikisha Nyamisati. Baada ya hapo kuna maji. Anahitaji boti, injini, petroli na nahodha anayeijua mito ya deltani, vitu ambavyo mgawo wa kitaifa haukuviwaza kwa sababu karibu wilaya zote nchini hazivihitaji. Hapo ndipo halmashauri ilipaswa kuwa na sauti: kusema sisi tupeni mitumbwi mitatu badala ya pikipiki kumi. Mfumo hauna mahali pa kuandika ombi la namna hiyo. Kifaa kimeshanunuliwa, kimeshapakiwa, kinakuja.

Bonde hili lina historia ndefu ya kuletewa vitu. Mwaka 1929 serikali ya Waingereza ilipata ripoti ya A. M. Telford juu ya namna ya kuyaendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero. Baada ya Vita Kuu ya Pili yakaja matrekta ya kulimia bondeni, nayo yakashindwa na tope. Katika miaka ya 1950 FAO ikapima bonde zima kwa ajili ya mabwawa na umwagiliaji. Baada ya uhuru, mafuriko ya 1968 yalifuatwa na Operesheni Rufiji: watu wakahamishwa kutoka bondeni na kupelekwa kwenye vijiji vya ujamaa vya nchi kavu, karibu na shule na zahanati. Huduma zilifika kweli, lakini mashamba yalibaki bondeni. Watu wakaendelea kuyaendea kwa miguu na mitumbwi, na dungu, lililokuwa la ulinzi, likazidi kuwa makazi ya nusu mwaka. Msomi wa Norway, Kjell Havnevik, alikiandikia kisa hicho kitabu kizima, kilichotoka 1993, juu ya mipaka ya maendeleo yanayoshushwa kutoka juu. Miaka michache baadaye, 1997, serikali ikaridhia mradi wa kampuni moja ya kigeni wa kufuga kamba deltani katika eneo la hekta zipatazo 10,000, ilhali Baraza la Mazingira, NEMC, lilikuwa limeshauri vinginevyo. Wanavijiji wakaupinga hadi mahakamani, na mradi ukafa bila kufuga.

Kuna jaribio moja lililoanzia upande wa pili. Kati ya 1998 na 2003, Halmashauri ya Rufiji, wakati huo ikiwa bado imeimeza Kibiti, iliendesha mradi wa usimamizi wa mazingira pamoja na IUCN kwa fedha za Uholanzi. Vijiji vichache vya mfano, Jaja na Twasalie vya deltani vikiwamo, viliandika mipango yao ya mazingira na sheria ndogo zake. Jambo la maana hapo halikuwa karatasi. Kwa mara ya kwanza msitu, samaki, mlau na ushuru vilijadiliwa kwenye meza moja, na meza hiyo ilikuwa ya halmashauri. Mradi ulipofika mwisho wake, fedha zikaisha, na kila wizara ikarudi na faili lake.

Leo halmashauri ina nini mkononi? Ina ushuru wa mazao. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 kiwango cha mazao ya biashara ni asilimia 3 badala ya 5 ya zamani, na mkulima anayesafirisha chini ya tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi. Kisheria anayelipa ni mnunuzi, ingawa mkulima anajua fika kwamba asilimia hiyo imeshakatwa kwenye bei aliyotajiwa. Sheria ni nzuri kwa mnyonge, lakini ina tokeo ambalo sidhani mtunzi wake alilikusudia. Mpunga wa deltani huliwa kwanza nyumbani. Unaobaki huuzwa kwa debe na gunia, ukapakiwa botini pamoja na nazi na kuku. Haupiti ghalani, haukai kwenye mzani wa chama cha ushirika, na kwenye kitabu cha mapato ya ndani hauonekani. Zao lisiloonekana kwenye mapato halionekani kwenye matumizi. Hakuna mtu aliyekaa akaamua kuubagua mpunga wa mikoko. Ni mkaguzi tu anayetaka kuona fedha zimerudi pale zilikotoka.

Korosho na ufuta ni habari nyingine. Katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga mazao haya hukusanywa na vyama vya msingi, AMCOS, chini ya chama kikuu cha mkoa, CORECU, na kuuzwa kwa stakabadhi ghalani. Mfumo huo uliwekewa sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika kwenye korosho za Mtwara msimu wa 2007/08. Una kasoro zinazojulikana: malipo huchelewa, makato huwa mengi, na mwenye shida ya leo hukimbilia kangomba, akauza kwa kisado kwa bei ya kutupa kabla ghala halijafunguliwa. Lakini una sifa moja ambayo mkulima wa deltani angeililia. Kila kilo ina karatasi. Kwa sababu ya karatasi hiyo, Bodi ya Korosho inajua nani apewe salfa ya kupulizia ubwiri unga na kiasi gani, na katika misimu ya karibuni viuatilifu hivyo vimegawiwa kwa ruzuku. Mwaka 2018, bei ilipogoma, Rais John Magufuli aliagiza serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lizibebe. Uzuri wa uamuzi ule unabishaniwa hadi leo. Lakini fikiria mpunga wa Kiomboni umekosa bei: nani atajua?

Mbolea ya ruzuku, iliyozinduliwa Nane Nane ya 2022 kule Mbeya, inatoa mfano mwingine wa jambo hilohilo. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikuwa shilingi bilioni 294 mwaka wa fedha 2021/22. Mwaka uliofuata ikaruka hadi bilioni 954, na kufikia 2024/25 ilikuwa imevuka trilioni 1.2. Sehemu nene ya ongezeko hilo ilikwenda kwenye mbolea na umwagiliaji. Mkulima wa mlau hakuwa akinunua mbolea, kwa kuwa mto ulimletea bure. Kwa hiyo ruzuku kubwa kuliko zote katika historia ya karibuni ya kilimo nchini ilimpita pembeni, si kwa hila, bali kwa sababu kilimo chake tayari kilikuwa kile ambacho Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai, uliozinduliwa Novemba 2023, unataka wengine wajifunze. Inachekesha kidogo, na inaudhi zaidi.

Kuna pia ile asilimia 10. Sheria ya Fedha ya 2018 inazitaka halmashauri zitenge sehemu hiyo ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 mikopo ilisimamishwa nchi nzima kufuatia kelele za vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, kisha mwaka 2024 ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Kwa mama ntilie wa stendi ya Kibiti au kijana wa bodaboda ni mkopo mzuri, kwa sababu fedha yake inazunguka kila siku. Mkulima wa mpunga hukopa Desemba na kuvuna Juni. Akitakiwa kuanza marejesho Machi, mpunga ukiwa ungali kijani na mto unapanda, atalipa kwa kuuza mbuzi. Kurefusha muda wa kungoja hadi baada ya mavuno kusingegharimu halmashauri chochote isipokuwa subira, na nimeshangaa siku zote kwamba jambo dogo namna hii halipewi uzito kama ule unaopewa uzinduzi wa matrekta.

Kuna jambo ambalo hotuba za kilimo hulipita kimya. Kibiti ilianza kazi kama wilaya wakati mbaya kuliko wote. Kati ya 2015 na 2017 makumi ya watu waliuawa katika eneo la Mkuranga, Kibiti na Rufiji, na wengi wao walikuwa watu wa serikali za mitaa hasa: wenyeviti wa vijiji na vitongoji, maofisa watendaji, makada wa chama tawala. Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja wilayani Kibiti. Kanda maalumu ya kipolisi ikaundwa, pikipiki zikazuiwa kutembea usiku. Ni watu gani wanaoandikisha wakulima wa ruzuku, wanaothibitisha vikundi vya mikopo, wanaoitisha mkutano mkuu wa kijiji? Ni haohao. Kwa muda uenyekiti wa kijiji ulikuwa kazi ya hatari ya roho, na waliohama hawakurudi wote. Anayeshangaa kwa nini daftari la wakulima la sehemu fulani lina mapengo aanzie hapo kabla hajaulaumu uvivu.

Sasa twende kwenye mikoko, ambako mgogoro umekolea. Delta ya Rufiji ina hekta zipatazo 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko wote wa aina hiyo kwa pamoja katika Afrika Mashariki. Ni hifadhi ya serikali tangu zama za Wajerumani. Boriti zake zilijenga nyumba za Unguja na Uarabuni hadi ukataji ulipopigwa marufuku mwaka 1987, na mpango wa kwanza wa kitaifa wa kuisimamia, ulioongozwa na Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoka 1991. Mwaka 2004 eneo zima la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar.

Mpunga uliingiaje humo? Mto wenyewe ulihama. Mwishoni mwa miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji matamu ilihamia matawi ya kaskazini ya delta. Udongo wa huko, uliokuwa wa chumvi, ukaanza kuoshwa, na watu wakaufuata mto kama walivyofanya babu zao. Hukata mikoko, huchoma, huacha mvua na mto vioshe chumvi, kisha hupandikiza miche mirefu iliyolelewa kitaluni, kwa sababu mche mfupi ni chakula cha kaa. Kaa wa deltani hukata shina la mpunga usawa wa tope kwa usiku mmoja kama mtu aliyetumwa. Baadhi ya wakulima wakajibu kwa sumu, na sumu hiyo huingia kwenye maji ambamo kamba wachanga hukulia, na delta hii ndiyo hulea sehemu kubwa ya kamba wa bahari ya Tanzania. Mwanzoni shamba jipya huzaa sana na magugu ni haba. Miaka michache baadaye magugu hushinda jembe, na mwenye shamba husogea, akafungua jingine. Picha za setilaiti zimeonyesha kwamba upotevu wa mikoko deltani umetokana hasa na mpunga. Hilo si propaganda ya watu wa misitu.

Jibu la serikali limekuwa la kuondoa. Taarifa za mwaka 2011 zilieleza operesheni ambayo madungu ya wakulima yalichomwa moto. Mwaka uliofuata watafiti Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett waliandika katika jarida la Global Environmental Change kwamba kampeni za kupanda mikoko kwenye mashamba ya mpunga, wakati dunia inajiandaa kununua hewa ya ukaa, zilikuwa zinawageuza wenyeji kuwa wavamizi kwao. WWF, iliyotajwa kwenye makala hiyo, iliyakanusha madai hayo. Sina haja ya kuwaamua. Ninachokiona ni nafasi tupu ya halmashauri katika ugomvi ule wote: wanaoondolewa ni wakazi wake, wapiga kura wa madiwani wake, na shule ilizojenga ziko hukohuko, lakini kwenye shamba la mpunga wa mikoko ofisa wake wa kilimo hawezi hata kushauri nafasi ya mche na mche bila kuonekana anahalalisha uvamizi. Kwa hiyo hashauri. Na shamba lisilo na ushauri ndilo linalochoka haraka, na shamba likichoka mikoko mingine inakatwa.

Hapo ndipo ninapokataa hoja kwamba uchaguzi ni mmoja kati ya mikoko na mpunga. Kinachoumaliza msitu ni kuhamahama, na kuhamahama kunatokana na magugu na kaa, mambo mawili ambayo bwana shamba yeyote aliyesoma mpunga anaweza kuyakabili. Mbegu zinazovumilia chumvi, kama SATO 1 na SATO 9, zipo nchini. Palizi kwa mashine ndogo za kusukuma zipo. TFS na halmashauri zikikubaliana kimaandishi kwamba mashamba yaliyokwisha funguliwa yatalimwa na kuhudumiwa, na mapya hayatafunguliwa, kijiji chenyewe kitakuwa na sababu ya kulinda mpaka. Wetlands International imekuwa ikishirikiana na TFS na wanavijiji kurudisha mikoko mahali palipoachwa, kwa kurekebisha njia za maji ili mbegu zijiotee badala ya kuchomeka miche kwa ajili ya picha. Kazi hiyo inaonyesha kwamba shamba lililokufa linaweza kurudi kuwa msitu. Lakini haisemi mwenye shamba hilo atakula wapi, na swali hilo ni la halmashauri.

Kuhusu ugomvi wa ardhi ya nchi kavu nitapita haraka, kwa kuwa dawa yake inajulikana. Mifugo iliyoondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007 ilielekezwa kusini, mingi ikaishia Rufiji, na mwaka 2012 ugomvi wa wakulima na wafugaji ulilipuka Ikwiriri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 zinaipa halmashauri nyenzo kamili: mpango wa matumizi, hati za kimila, njia za mifugo. Kinachokosekana ni posho za wapimaji na ujasiri wa kumwambia mwenye ng'ombe mia tano kwamba mwisho wake ni hapa.

Kenya ilikuwa na kisa chake kwenye delta ya mto Tana, ambako mapigano ya 2012 na mapema 2013 yaliua watu zaidi ya 100. Mwaka 2015 serikali ya kaunti ilizindua mpango wa matumizi ya ardhi wa delta nzima, uliotanguliwa na tathmini ya mazingira, na ndani yake malisho, mpunga, samaki na ndege vimechorwa kwenye ramani moja. Katiba ya 2010 ilikuwa imeshahamishia kilimo kwenye kaunti, kwa hiyo aliyechora ramani ndiye pia mwenye bajeti ya ugani. Haina maana Tana kumetulia. Ina maana kuna mlango mmoja wa kubisha. Hapa kwetu, Longido, Monduli na Ngorongoro zilijaribu mifuko ya mabadiliko ya tabianchi ambamo kamati za ngazi ya chini zilichagua miradi na halmashauri ikatekeleza; wafugaji wakachagua maji na josho, si semina. Sioni sababu ya kata za deltani kushindwa kuchagua kati ya boti ya ugani na ukumbi wa mikutano.

Yapo bado maji yenyewe. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya megawati 2,115, lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Wananchi wengi waliamini bwawa limefunguliwa. Serikali ikajibu kwamba ni mvua, na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Mei ikaja na kimbunga Hidaya. Hata tukikubali maelezo ya serikali yote, kuna mambo mawili hayabishaniwi. Bwawa huzuia tope, kwa hiyo mkulima ambaye hakuhitaji mbolea ya ruzuku ataanza kuihitaji taratibu. Na sasa kuna mtu anayejua mapema maji kiasi gani yatashuka. Taarifa hiyo, ikimfikia mtendaji wa kijiji kwa simu pamoja na tarehe na kina, ina thamani kubwa kwa mpunga na mlau kuliko pembejeo yoyote. Halmashauri za Rufiji na Kibiti zingeanzia hapo: kudai ratiba ya maji kwa maandishi, kila msimu, kutoka kwa Bodi ya Bonde na TANESCO.

Jambo la mwisho ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni. Mlau hupandwa Mei na Juni, robo ya nne, wakati fedha za matumizi mengineyo zimekauka, manunuzi kupitia mfumo wa NeST yana taratibu zake, na mhasibu anafunga vitabu. Mbegu zilizoombwa baada ya mafuriko hufika, zikifika, udongo ukiwa umeshapasuka kwa ukavu. Lakini mlau huvunwa kuanzia Septemba, robo ya kwanza, fedha zikiwa mbichi. TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, inaruhusu vikundi vya wakulima vilivyosajiliwa kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa na kuziuza ndani ya eneo lao. Kikundi cha mlau kikivuna kunde Septemba, na halmashauri ikazinunua Oktoba na kuziweka kwenye ghala la AMCOS ambalo muda huo linasubiri korosho, mbegu zitakuwa umbali wa safari moja ya boti siku maji yatakapoanza kushuka. Hakuna sheria mpya inayohitajika hapo, wala mfadhili. Panahitajika kifungu kimoja kwenye bajeti ya Kibiti, chenye mstari unaotaja mlau kwa jina lake.